Jumapili Bila Kiingilio

Juzi niliweka picha za wanangu wakiwa msituni, wamevaa ovaroli za mvua, mikono imejaa uyoga wa njano, nikaandika chini yake kwamba matembezi ya siku nzima yametugharimu nauli ya basi tu. Mtu ninayemheshimu sana akanijibu: "Mmeshaanza kutuonyesha." Wengine wakacheka, mmoja akauliza kama uyoga wa Ulaya una ladha tofauti. Neno lile limenikaa rohoni, ndiyo maana nalijibu kwa kirefu. Nilichotaka kionekane kwenye zile picha ni ile nauli.

Tunaishi kusini mwa Stockholm, mji mkuu wa Sweden. Majira haya ya majani kupukutika, mtu aliyezaliwa Dar angedhani kila familia imejifungia ndani. Mvua nyembamba inanyesha kutwa, matope kila mahali, baridi inaingia hadi kwenye vidole. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, na kuanzia hapo ikifika saa kumi jioni giza limeshaanza kuingia. Wiki ya 44 ya mwaka shule zinafungwa, likizo ambayo zamani ilikuwa ya watoto kwenda kuvuna viazi. Na hapo hapo, katika hali ya hewa ambayo kwetu tungeahirisha hata msiba, watu wanamiminika nje. Wazee wenye fimbo, kina baba wanaosukuma vigari vya watoto, watoto wa shule za awali wamevalishwa vizibao vinavyong'aa. Kila mmoja ana begi mgongoni, na ndani ya begi mna chupa ya chai na mikate ya mdalasini.

Sisi huenda Tyresta, hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1993, kilomita kama 20 tu kutoka katikati ya mji. Kuna misonobari humo ina zaidi ya miaka 400. Hakuna geti la kulipia, wala mtu wa kukuuliza umebeba nini kwenye kikapu. Uyoga unachuma, matunda ya porini unachuma. Maua huruhusiwi, kuvunja matawi huruhusiwi, moto unawashwa pale palipotengwa tu. Nje ya hifadhi nako hakuna geti: haki ya kila mtu kupita msituni, hata msitu wa mtu binafsi, imetajwa kwenye katiba yao tangu 1994, ilimradi usikanyage mazao, usiingie kwenye uwanja wa nyumba ya mtu na usiache uchafu.

Mama yangu alipokuja kututembelea nilimpeleka. Mama amekulia Muheza, pembeni ya mashamba ya mkonge, na hofu ya mlinzi wa shamba anayo hadi leo. Tulipofika penye vichaka vya lingon, matunda madogo mekundu yenye uchachu, watoto walijitupa chini kuchuma. Mama alisimama. Akatazama huku na huku, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwenyewe yuko wapi?" Nikamwambia hapana mwenyewe wa kuombwa, mama, ni ruhusa. Hakuridhika. Alipita mzee mmoja na mbwa wake, mama akaficha kiganja nyuma kama mwizi. Yule mzee akatusalimu, akatuonyesha kwa mkono kwamba kule mbele ndiko yamezaa zaidi, akaenda zake. Hapo ndipo mama alipoinama. Alichuma mpaka mfuko ukajaa, jioni akatengeneza achari, na ilikuwa achari nzuri. Lakini mimi moyo uliniuma. Mwanamke wa miaka ile, aliyelima, aliyelipa kodi ya nchi yake maisha yake yote, hajawahi kukaa mahali penye miti na maji akajihisi ana haki ya kuwepo.

Sasa niambieni, mlioko Dar: Jumapili mnawapeleka wapi watoto?

Nyote mnalijua jibu. Mnawapeleka baa. Ile baa yenye bembea na puto la kurukia nyuma ya jiko la nyama choma, puto lina malipo yake, soda ina bei yake, baba anakunywa na mama anachungulia simu huku akihesabu chenji. Au mnakwenda bichi ya hoteli: kiingilio cha mkubwa, kiingilio cha mtoto, na pale getini kibao kimeandikwa chakula na vinywaji kutoka nje haviruhusiwi. Yaani wali uliopika mwenyewe alfajiri ni kosa. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya ni vizuri mno, lakini lipa boti, lipa ada. Pugu kuna msitu, nao una kiingilio. Mwenye watoto wanne na mshahara wa mwalimu anapiga hesabu, anaona bora wakae nyumbani watazame katuni. Kisha tunakutana mitandaoni kulalamika kwamba watoto wa siku hizi wamezama kwenye simu.

Najua nitakachoambiwa: hao ni matajiri, wana kodi, msitujengee picha za Ulaya. Basi tuache utajiri, tuzungumze sheria. Sweden ina sheria ambayo kwa kawaida inakataza kujenga ndani ya mita 100 kutoka ukingo wa bahari na maziwa. Imekuwa hivyo nchi nzima tangu 1975, kwa sababu waliona nyumba za mapumziko zinafunga fukwe, mwananchi wa kawaida anabaki kuyaona maji kupitia uzio. Wapo wanaoomba vibali vya kukwepa, na wapo wanaokiuka, si malaika wale. Na sisi je? Sisi Tanzania tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Imetaja mita 60 kutoka ufukweni, kwenye kingo za mito na za maziwa. Mita 60! Si haba. Tembeeni kutoka Msasani kuelekea Mbezi Beach mkiwa na futi ya kupimia, mniambie zile mita ziko wapi. Ukuta umeshuka mpaka mawimbi yanaupiga. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba tatizo ni umaskini. Sheria tuliitunga wenyewe, kwa wino wetu.

Nimekulia Sinza, hapo hapo Dar. Sinza ilipimwa miaka ya 1970, miaka ile ile Waswidi walipokuwa wanapanua sheria yao ya fukwe, na wapimaji wetu hawakuwa wajinga. Walichora viwanja, wakachora barabara za mitaa, wakaacha maeneo ya wazi kwa ajili ya watoto ambao hawajazaliwa. Mimi ni mmoja wa watoto hao. Kwenye eneo letu nimecheza rede, nimecheza kombolela hadi magharibi, wazazi wakituita kwa majina mmoja mmoja na hakuna aliyelipia chochote. Leo upande mmoja ni fremu za maduka, upande mwingine ni sehemu ya kuoshea magari. Nikiuliza nani aliuza, kila mtu ananitajia mtu aliyekwisha kufa.

Linaloniuma zaidi ni kwamba sisi ndio wenye jua. Kwetu mtoto anaweza kucheza nje peku kuanzia Januari hadi Desemba. Hawa wana miezi ya giza, barafu, matope, na bado wamewalindia watoto wao nje. Sisi tuliopewa nje ya bure na Mwenyezi Mungu tumeizungushia ukuta na kuigongea mageti.

Wala msidhani naidharau nyumbani. Msitu wa huku ni wa wote, lakini ni kimya. Unaweza kutembea nusu siku ukapishana na familia kumi, mkaishia kutikisiana vichwa. Ili mwanangu acheze na mwenzake, mimi na mama yake huyo mwenzake tunapanga tarehe wiki mbili kabla. Nendeni Coco Beach sikukuu ya Idi alasiri muone watu wanavyojua kuishi: mihogo ya kukaanga na pilipili, watoto wasiojuana wanaingia majini wakitoka wamekuwa ndugu, shangazi wa watu anamfuta kamasi mtoto asiyemjua. Nendeni Forodhani jioni, Unguja, bibi kakaa kwenye ukuta na buibui lake, wajukuu wanatazama vijana wanaojirusha baharini, na bustani ile haina kiingilio. Hapo ndipo ninapokataa wanaosema Mswahili hana utamaduni wa matembezi. Kila palipobaki wazi pamejaa mpaka pa kukanyaga hapaonekani. Tuna kiu ya kukaa pamoja nje kuliko hawa Waswidi. Tumepungukiwa na ardhi tu, na ardhi hiyo imechukuliwa na watu wanaojulikana.

Ndugu mmoja ataniambia nchi ina vipaumbele: maji, barabara, zahanati, kisha ndiyo bustani. Ndugu yangu, sijaomba kujengewa chochote. Naomba kisijengwe. Eneo la wazi halihitaji mkandarasi wala mkopo wa nje, linahitaji mwenyekiti wa mtaa asiyeuza na afisa ardhi asiyegonga muhuri. Mwingine atasema misitu yetu ina nyoka. Na huku kuna nyoka mwenye sumu, tena kuna kupe wanaoambukiza homa ya ubongo, wanangu wamechanjwa kwa ajili hiyo, na tukirudi nyumbani nawakagua mwili mzima. Tahadhari ni kazi ya mzazi popote alipo. Na yule wa "rudi ufanye mwenyewe", huyo namwelewa, hasira yake ni halali. Lakini mimi hati za maeneo ya wazi sizioni kutoka hapa nilipo. Wewe uliye hapo unaweza kwenda halmashauri ukaomba kuonyeshwa ramani ya mipango miji ya mtaa wako, na rangi ya kijani, yaani maeneo ya wazi, utaiona kwa macho yako. Kisha toka nje ulinganishe.

Desemba tunakuja, Mungu akipenda. Wanangu wameshaanza kuuliza kama Dar kuna msitu wa kuingia na chupa ya chai. Coco naijua, Forodhani naijua. Nitajieni nyingine: mahali pa kutandika mkeka, tule wali wetu tuliopika wenyewe, watoto wakimbie, na tusikutane na geti. Andikeni jina la mtaa na daladala la kupanda. Na kama hapo ulipo palikuwepo zamani na sasa hapapo, andika pia, taja na kilichojengwa.