Wageni waje wiki ya tatu

Tanga mgonjwa haachwi peke yake. Akirudi tu kutoka Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, kabla hata begi halijafunguliwa, ukumbi umeshajaa: majirani, wenzake wa kikoba, shemeji kutoka Pangani, mashangazi na hotpoti zao za wali wa nazi. Nia ni njema. Ila kwa mtu aliye kwenye kemo, yaani dawa kali za kutibu saratani, huo ni wakati mbaya wa kuja, na ni afadhali tuambiane wazi kuliko kumwacha ajikaze kucheka na watu huku tumbo linamchafuka.

Dozi nyingi za kemo hurudiwa kila baada ya siku 21. Zipo za kila wiki, za wiki mbili na za siku 28, kwa hiyo daktari aulizwe. Siku hizo hazifanani. Tatu nne za mwanzo ni za kichefuchefu na kuishiwa nguvu. Kuanzia kama siku ya 7 hadi ya 14 chembe nyeupe za damu hushuka, na hapo ndipo watu hudanganyika, maana mgonjwa huweza kuonekana kachangamka wakati mwili hauna askari. Wiki ya tatu chembe hizo hupanda tena na hamu ya kula hurudi. Basi chukueni kalenda ya ukutani, siku ya dripu iandikwe 1, mhesabu mpaka 21. Hitma, kikao cha harusi, wageni wa mbali, vyote visukumwe wiki ya tatu.

Siku za mwanzo adui ni harufu. Kitunguu kikikaangwa, nyumba nzima inajua, na mgonjwa ndiye wa kwanza kujua. Jiko lihamie uani, upande ambao upepo hauurudishi moshi ndani. Udi, ubani na marashi vipumzike kidogo (najua, kwa nyumba nyingi za Ngamiani hilo ni gumu kuliko kuacha chumvi). Chakula kipoe kwanza, kwa sababu cha moto kinanuka zaidi. Nusu kikombe cha uji wa mchele kila baada ya saa mbili kinakaa tumboni kuliko sahani iliyojaa ya saa saba mchana. Dawa ya kuzuia kutapika imezwe kwa saa yake, hata kama hajisikii kutapika. Akishaanza, kidonge nacho kitatoka. Mdomo ukiwa na ladha ya chuma, ale kwa kijiko cha plastiki. Ukwaju husaidia, lakini vidonda vikitokea mdomoni, ukwaju, ndimu na pilipili viondoke mezani, asukutue kwa glasi ya maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi, mara nne au tano kwa siku.

Kuna jambo watu wanaona haya kulisema: kwa saa 48 hivi baada ya dripu, dawa hutoka kwenye mkojo, kinyesi na matapishi. Anayemhudumia avae glovu, choo kimwagiwe maji mara mbili, shuka zilizochafuka zifuliwe peke yake. Mjamzito asipewe kazi hiyo. Na kama dripu ilikuwa ile nyekundu, mkojo huweza kuwa mwekundu siku moja au mbili, siyo damu.

Wiki ya pili kosa kubwa kuliko yote hufanyika kwenye homa. Pwani yetu homa ni malaria mpaka ithibitike vingine, kwa hiyo mtu hukimbilia duka la dawa, akarudi na dawa ya mseto na panadoli, halafu wanasubiri kuche. Kwa mgonjwa wa kemo kusubiri huko kunaua. Nunueni kipimajoto. Kikisoma nyuzi 38 au zaidi, au akitetemeka kwa baridi hata bila joto, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku. Asipewe panadoli kwanza, kwa sababu itashusha joto na kuuficha ugonjwa. Mkifika hospitali ya Bombo msikae benchi kimya. Mwambieni muuguzi wa mapokezi sentensi moja: yuko kwenye kemo, dripu ya mwisho ilikuwa tarehe fulani, ana homa. Daftari lenye majina ya dawa liwe mkononi. Malaria itapimwa, ndiyo, lakini antibayotiki za mshipa hazitakiwi kungoja.

Wiki hiyo hiyo kachumbari iachwe, na juisi ya miwa, pweza wa barabarani, embe lililomenywa na mtu msiyemjua, maziwa yasiyochemshwa. Chungwa la Muheza ni ruhusa, lioshwe kwanza ndipo limenywe nyumbani. Yai liive mpaka kiini. Mtoto wa madrasa mwenye tetekuwanga au mafua alale kwa bibi yake.

Sasa nani awazuie wageni? Siyo mgonjwa. Ateuliwe mmoja wa nyumbani, ikiwezekana yule asiyeogopa kusemwa, akae barazani na kusema: "Shangazi, amelala. Daktari kataka apumzike mpaka wiki ijayo." Daktari asingiziwe, haidhuru. Aliyefika kutoka mbali aingie peke yake, anawe kwa sabuni mlangoni, dakika kumi zinatosha. Shangazi naye asirudishwe bila kupewa kazi: kuna ndoo za nguo, kuna watoto wa kupelekwa madrasa, na kuna nauli ya watu wawili kwenda Dar na kurudi, ambayo huisha haraka kuliko mchango wa kwenye simu.

Wiki ya tatu ndiyo ya kula, kutembelewa na kujiandaa kwa safari nyingine. Muulizeni daktari kama kipimo cha damu kinaweza kufanyika Tanga siku moja au mbili kabla. Chembe zikiwa bado chini dozi huahirishwa, mara nyingi kwa wiki moja, na ni afadhali kulijua hilo kabla ya kufika stendi ya Kange kuliko kuambiwa Dar. Ikitokea hivyo, futeni namba za kwenye kalenda, na moja mpya isiandikwe mpaka dripu iwekwe kweli.