Mgonjwa aitwe kabla swali la utafiti halijaandikwa

Mwaka 2009, watafiti wa uuguzi wa afya ya akili katika Chuo Kikuu cha City, London, waliunda kundi la washauri liitwalo SUGAR, lenye watu waliowahi kutumia huduma za afya ya akili pamoja na ndugu wanaowauguza. Wanakundi walikutana na watafiti kila mwezi, wakalipwa, na wakajadili mapendekezo ya utafiti yakiwa bado rasimu. Hilo la mwisho ndilo ninalolitetea, kwa kuwa anayeitwa dodoso likiwa limeshachapwa hana la kushauri. Amebakiziwa kugonga muhuri tu.

Chukua swali la kawaida: "Je, unameza dawa kama ulivyoelekezwa?" Mtafiti ataliona limekamilika. Aliyewahi kuzimeza atataka kujua iwapo dawa ya usiku inamruhusu mtu kuamka mapema akawahi kazini, na iwapo akimwambia muuguzi ukweli kwamba ameziacha, ataandikwa mkaidi kwenye faili. Maswali hayo yakikosekana mwanzoni, hakuna hesabu ya takwimu itakayoyaokoa baadaye.

SUGAR ilishiriki pia katika utafiti wa COCAPP, uliochunguza mipango ya matunzo, yaani hati zinazoeleza huduma atakazopewa kila mgonjwa wa akili, katika maeneo 6 ya England na Wales. Ilibainika kwamba watumiaji wa huduma walithamini zaidi uhusiano wao na mratibu wa matunzo, yaani mhudumu anayesimamia huduma zao, kuliko hati ya mpango, ambayo ni nadra kurejewa baada ya kuandikwa. Nadhani muuguzi yeyote aliyewahi kujaza fomu hizo usiku wa manane hatashangaa.

Wapo wanaosema kwamba washauri hao ni wale wanaojua kujieleza, na hawamwakilishi aliyelazwa kwa nguvu. Hoja hiyo ina uzito, ila sijasikia profesa akiulizwa yeye anamwakilisha nani.

Kenya na Tanzania zimeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, unaotaka wahusika, wakiwamo wenye ulemavu wa akili, washirikishwe kwa karibu katika maamuzi yanayowagusa. Kamati zetu za maadili ya utafiti zingeweza kuanza na sharti moja: mtafiti aeleze ni nani aliyemshauri wakati wa kuunda swali, kikao kilifanyika kwa lugha gani, na fungu la nauli na posho ya mshauri liko wapi katika bajeti.