Ati kabla ya treni hapakuwa na mtu?

Jumamosi nilienda bathdei ya Nairobi. Ndio, mji una bathdei siku hizi, na kamati ya mtaa wetu iliamua mwisho wa Mei lazima tusherehekee kwa sababu tarehe 30 Mei 1899 ndio reli kutoka Mombasa ilifika hapa. Tangazo likatumwa kwa grupu ya WhatsApp: nyama choma, michezo ya watoto, mchango mia tano kila nyumba, na mavazi yawe ya "enzi zile", yaani kaki, buti na ile kofia ngumu ya mabwana. Nikasoma nikanyamaza, mimi si mtu wa kugombana kwa grupu.

Sasa nimefika, keki iko mezani, imetengenezwa mfano wa garimoshi, mabehewa matatu, magurudumu ni biskuti za chokoleti, na emsii ameshika maiki anatupa historia. Akasema kabla ya treni hapa hapakuwa na kitu wala mtu, ilikuwa kinamasi na vyura tu. Watu wakacheka. Na wakati anasema hivyo, pale getini, hata mita ishirini hazifiki, amesimama askari wetu wa mchana na rungu lake, Mmaasai, na watoto walikuwa wamepanga laini kupiga naye picha kama yeye ni mapambo ya shughuli.

Nikamwendea. Ole, umesikia hiyo? Akaniangalia tu kwanza. "Kwani ng'ombe walikuwa wanajileta wenyewe majini?"

Aki wangempa huyo maiki.

Kwa sababu jina lenyewe ni ushahidi jamani. Enkare Nairobi, maji baridi, ni Kimaasai hicho, sasa niambieni ni vyura ndio walikuwa wanaongea Kimaasai? Reli haikuja na jina. Wahandisi walikuta jina liko, wakaliandika kwa ramani zao vile masikio yao yalisikia, wakapiga hema. Kila ukisema "Nairobi", hata ukiwa kwa matatu unamwambia konda "tao", unaenda mahali palipopewa jina na mtu aliyeinama mtoni na mifugo yake akasikia maji yalivyo baridi. Mto bado uko, ingawa ukitia mkono leo utapelekwa hospitali. Na huko juu Dagoretti Wakikuyu walikuwa wanalima, misafara ya kutoka pwani ilikuwa inanunua chakula kwao kabla hata reli haijaanza kujengwa. Misafara ilikuwa inauziwa viazi na nani, fisi?

Kuna kitu kingine emsii hawezi kujua kwa sababu kwa tangazo hakikuwepo. Miaka ya mwanzo ya 1890 sotoka ilimaliza ng'ombe wa Wamaasai, ndui ikaja ikamaliza watu, kwa hivyo wapimaji wa reli walipofika wakaona uwanda uko mtupu, walikuwa wanaona watu waliotoka kuzika. Ni kama uingie boma la watu wako matangani, ukute mlango wazi, halafu utangaze umegundua nyumba. Mwaka 1904, miaka mitano tu baada ya treni, Wamaasai wakasainishwa mkataba wa kuhama Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia, na baadaye hata Laikipia wakatolewa. Hiyo nayo tutaitengenezea keki ya umbo gani?

Sawa, nakubali, bila reli huu mji haungekuwa. Hata mimi singekuwa hapa, babu yangu alipanda hiyo hiyo treni Kisumu akaja kutafuta kazi. Wahindi waliletwa kwa maelfu kuijenga na karibu 2,500 walikufa, na mwaka 1902 tauni ilipoingia, wakubwa walichofanya ni kuchoma bazaa yao moto. Kwa hivyo mimi sikatai kukumbuka 1899. Kumbuka, andika, peleka watoto makumbusho ya reli, treni ni tamu kuangalia. Lakini bathdei? Bathdei ina mama na mtoto, na hapo mama ni injini ya mvuke.

Turudi kwa hiyo kofia. Jirani yangu, mtu mzima, anafanya kazi benki, alikuja na kaki imepigwa pasi na fimbo kwapani, anaita watoto "boi". Alikuwa anatania najua. Nikajiuliza, kama vazi ni la enzi zile, la kwetu lilikuwa gani? Babu alikuwa na kipande, kile kikopo cha chuma kinaning'inia shingoni kwa uzi, ndani ni karatasi ya alama za vidole na mwajiri wako ni nani. Sheria ilipitishwa 1915, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuisha ikaanza kufuatwa kikweli, ukipatikana bila hicho kikopo ni ndani. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Cha babu kiko kwa mama, kwa sanduku chini ya kitanda, kina kutu, kifuniko hakifunguki tena. Ningekivaa Jumamosi ningeambiwa naharibu sherehe.

Na wenzetu wametatua hii maneno. Jakarta wangeweza kuhesabu kutoka 1619 Waholanzi walipojenga mji wao wa Batavia hapo hapo, hapana, bathdei yao ni tarehe 22 Juni 1527, mji ulipochukuliwa kutoka kwa mshirika wa Wareno. Kolkata watu walienda kortini, na mwaka 2003 korti ikasema Job Charnock, yule mfanyabiashara Mwingereza, si mwanzilishi na mji hauna siku ya kuzaliwa, basi. Watu wa Mombasa nao najua mnatucheka, Ibn Battuta aliwapitia 1331 na hamjawahi kumkatia keki.

Kama lazima tuwe na siku, mimi nachukua tarehe 16 Machi 1922. Siku hiyo wafanyakazi wa huu mji, wapishi, madereva, akina mama, walisimama nje ya polisi wakidai Harry Thuku, kiongozi wao aliyekuwa amekamatwa, aachiliwe, Mary Muthoni Nyanjiru akawatolea wanaume uvivu, na risasi zikapigwa, mpaka wazungu waliokuwa barazani pale hoteli ya Norfolk wakajiunga kupiga. Hapo kuna watu walisema mji ni wao.

Keki ikakatwa. Emsii akapaza sauti, "Kila mtu apange laini, asisahau kipande chake!" Nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akanikanyaga mguu. Nikampelekea ole chake pale getini, na gurudumu juu.

"Na mwenye bathdei ni nani?"

Nikamwambia ni treni.

"Haya," akasema, akaweka keki kwa dirisha la kibanda, akaenda kufungulia gari.