Mkebe Wangu Wamwanika Mweka Hazina

Wanaosema nyatiti ni ala ya wazee hawajaisikia ikipitia kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia ya Kimbo. Nyuzi nane, ngozi ya ng'ombe, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga mbao: hiyo peke yake ni bendi nzima. Mimi naongeza umeme kidogo tu. Nimebandika kwenye ngozi kisahani cha shaba nilichong'oa kwenye kadi ya Krismasi, ile inayoimba ukiifungua. Waya unatoka hapo hadi kwenye mkebe, na ndani kuna chipu ya LM386 kutoka maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, ndiyo amplifaya yangu ya kukuza sauti. Nimeunganisha na saketi ya mwangwi, kwa hiyo wimbo wa kubembeleza mtoto alionifundisha nyanya hutoka kama unaimbiwa ndani ya tangi la maji. Utamu wake siwezi kuueleza. Mke wangu anaweza, lakini tumwache.

Chama chetu cha kuweka akiba hapa Kariobangi South kilinialika nitumbuize siku ya kugawana pesa za mwisho wa mwaka. Pilau ilikuwepo. Soda zilikuwepo. Pesa ndizo hazikuwepo. Mweka hazina alisimama na sauti ya matanga: simu yenye laini ya chama, ambamo pesa zote zilikuwa, ilinyakuliwa sokoni Muthurwa asubuhi hiyo hiyo, tuvumilie hadi Januari.

Watu walianza kunung'unika. Mwenyekiti, mama asiyependa vurugu, akanigeukia. "Kijana, piga hiyo kitu yako watu wapoe."

Mweka hazina akaketi mbele kabisa, mguu wake karibu uguse waya wangu. Ubeti wa kwanza ukaenda vizuri. Katikati ya wa pili spika ikaropoka: tititi-tititi-tititi-trrrrr! Vijana wa nyuma wakapiga makofi, wakidhani ndiyo elektroniki yenyewe.

Haikuwa yangu. Aliyeishi na redio karibu na simu za zamani anaijua kelele hiyo. Simu ya 2G, ule mtandao wa zamani, hutuma mawimbi kwa vipande vipande, kama mara 217 kwa sekunde, na waya usiovishwa wavu wa chuma huyadaka yote na kuyatangaza. Simu za kupangusa siku hizi hazina kelele hiyo sana, na wengi mle ndani walikuwa nazo.

Fundi wa stima aliyekuwa akitafuna paja la kuku akasema bila kuinua macho, "Hiyo ni simu ya kabambe, ile ya vitufe. Na iko hapo mbele."

Kimya. Mwenyekiti akatoa simu yake kwenye leso. "Hebu tumsalimie huyo mwizi wa Muthurwa."

Akapiga namba ya chama. Tititi-tititi-trrrrr! Akakata, mkebe ukatulia. Akapiga tena, mkebe ukapayuka tena.

"Mzee," akamwambia mweka hazina kwa heshima zote, "hebu keti kule mlangoni."

Akaenda. Namba ikapigwa, mkebe kimya.

"Sasa rudi."

Akarudi polepole, na kila hatua spika ikazidi kumshangilia.

"Mama, mimi tangu utotoni mwili wangu una umeme mwingi," akajitetea, jasho likimtiririka kwenye kidevu.

"Hata soksi?" akauliza fundi.

Sote tukatazama chini. Soksi ya kushoto ilikuwa inatetemeka, na juu ya kifundo palikuwa na duara la mwanga mweupe. Akainama, akaitoa simu: mulika mwizi, tochi inawaka.

Pesa ziligawanywa jioni ile ile, hadi shilingi ya mwisho. Ubeti wa tatu hakuna aliyeuulizia. Lakini sasa naalikwa kwenye mikutano ya vyama Kariobangi nzima. Nyatiti wananiambia niiache nyumbani. Nije na mkebe tu, na nimkalie karibu mweka hazina.