Msimwambie mtoto kwamba namba kubwa haijulikani

Mpwa wangu yuko sekondari, mwaka wa pili, hapa Arua, Uganda. Wiki iliyopita alimuuliza mwalimu wake kuhusu namba ya Graham, akajibiwa mbele ya darasa kwamba namba isiyoweza hata kuandikwa haina hesabu ya kufanya, na isitoshe haiji kwenye mtihani. Jioni akaniuliza, "Mjomba, ni kweli?"

Si kweli. Na jibu lile limeniudhi kwa sababu linaua kitu kizuri kuliko vyote katika hisabati: kukijua kwa uhakika kitu usichoweza kukiona chote.

Namba hiyo aliifikia Mmarekani Ronald Graham katika miaka ya 1970, akishughulikia swali la kupaka rangi mistari inayounganisha pembe za mchemraba wenye vipimo vingi. Ni 3 tupu, iliyopandishwa kwa kipeo cha 3, kilichopandishwa tena kwa 3, ghorofa juu ya ghorofa. Ghorofa tatu tu zinatoa 7,625,597,484,987. Kwa shilingi, hiyo ni kama sehemu ya kumi ya bajeti ya Serikali ya 2024/25. Ongeza ghorofa ya nne, na jibu lina tarakimu zaidi ya trilioni 3.6. Namba ya Graham iko mbali mno kupita hapo. Ulimwengu wote unaoonekana hauna nafasi ya kuziandika tarakimu zake.

Lakini tarakimu yake ya mwisho ni 7. Hilo halikukisiwa, limethibitishwa, na mpwa wangu alilithibitisha mezani kwa kalamu. Andika 3 kwa kipeo cha 1, cha 2, cha 3 na kuendelea: 3, 9, 27, 81, 243. Tarakimu za mwisho ni 3, 9, 7, 1, kisha 3 tena, na mzunguko huo wa hatua nne haukatiki kamwe. Kwa hiyo huhitaji kukijua kipeo chenyewe. Unahitaji tu baki lake ukikigawa kwa 4. Sasa, kipeo cha namba ya Graham nacho ni 3 iliyopandishwa kwa namba witiri. Gawa 3 kwa 4, baki 3. Gawa 9, baki 1. Gawa 27, baki 3. Kila kipeo kikiwa witiri, baki ni 3. Basi tuko hatua ya tatu ya mzunguko, na hatua ya tatu ni 7. Kwa njia hiyohiyo wanahisabati wamezipata kumi za mwisho: 2464195387.

Kuna mengine pia. Haigawanyiki kwa namba tasa yoyote isipokuwa 3. Ni mchemraba kamili, kama 27 iliyo 3×3×3, ila si mraba kamili, kama 9 iliyo 3×3. Na tarakimu yake ya kwanza hakuna anayeijua hadi leo. Mtoto akisikia hilo, analala kweli?

Nakubali, darasa limejaa na mtihani unamsubiri kila mtu. Mwalimu hakuomba mzigo ule. Lakini mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza 2020, unataka mwanafunzi achunguze na aulize. Huyu aliuliza. Ingetosha kumwambia, "Sijui, tutafute." Badala yake darasa zima limeondoka likiamini kwamba pasipo kuandika hapana kujua, na hisabati imejengwa juu ya kinyume cha hayo. Hata namba tasa: Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alithibitisha kwamba hazina mwisho, na hakuna aliyezimaliza kuziorodhesha.

Walimu, nawaomba: dakika kumi zinatosha, wala hamhitaji kompyuta. Waulizeni watoto tarakimu ya mwisho ya 7 kwa kipeo cha 1962, mwaka wetu wa uhuru. Wataanza kuzidisha, watachoka, kisha mmoja atauona mzunguko: 7, 9, 3, 1. Muacheni huyo aje ubaoni awaeleze wenzake kwa nini jibu ni 9.