Kukiri kwa Mugo, kimya cha Kinjeketile

Kusutana uswahilini kuna taratibu zake. Wanawake wanakuja kwa kundi, kanga sare, pengine na ngoma mbele, wanasimama mlangoni kwa aliyeeneza uongo, na mwenyewe anaulizwa mbele ya mashahidi: ulisema, hukusema? Majirani wote wameshatoka nje. Ndiyo maana napenda namna tunavyosema kwamba mtu "anasutwa na nafsi yake". Hatia ni neno la mahakamani, mtu hukutwa nayo kisha akahukumiwa. Kusutwa na nafsi ni ngoma ileile iliyoingia chumbani, inapigwa usiku kucha na jirani hasikii kitu.

Waandishi wengi wamefanya makao katika chumba hicho, na wamelaumiwa kwa hilo. Juzi nilibishana na rafiki yangu anayefundisha fasihi sekondari. Anasema hadithi za hatia zinamdekeza mkosaji. Aliyeuawa anapewa kurasa chache, aliyemuuza anapewa kitabu kizima, na msomaji anamaliza akimhurumia msaliti kwa kuwa alikosa usingizi. Kukiri nako, anasema, ni kutua mzigo wako na kuwatwisha wenzako.

Aliyemkasirisha ni Mugo wa A Grain of Wheat, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o ya mwaka 1967. Kwa aliyeisahau: ni siku za mwisho kabla ya Uhuru wa Kenya, 12 Desemba 1963, na kijiji cha Thabai kinamtaka Mugo ahutubie sherehe. Wanamheshimu kwa jinsi alivyostahimili kambi za kizuizini. Wasilolijua ni kwamba yeye ndiye aliyemuuza Kihika, kijana wao wa msituni aliyepigana na Waingereza katika vita vya Mau Mau, kwa ofisa wa wilaya Mzungu, na Kihika akanyongwa.

Lawama ya rafiki yangu si nyepesi. Shahidi wake bora, ingawa hakumtaja, ni Kinjeketile, mganga wa vita vya Maji Maji, katika tamthilia ya Ebrahim Hussein ya 1969. Watu wameamini maji yake, wameamini kwamba risasi ya Mjerumani haitawapata, wamekwenda mbele ya bunduki na wamekufa. Mwishoni yuko mikononi mwa Wajerumani, na kinachotakiwa kwake ni kusema tu kwamba maji yale yalikuwa uongo. Anakataa. Asidhani mtu kwamba hajui kilichotokea. Anajua kuliko wote, maana ndiye aliyeliona neno lake likikua hadi likamshinda nguvu. Ila anaona mbele: akilikana leo, kesho itatangazwa kila pembe kwamba waliopigana walikosea kupigana. Basi anakwenda nalo. Huyu ni mtu ambaye kukiri kungempunguzia yeye peke yake, na hasara wangeibeba ambao hawajazaliwa. Hapo rafiki yangu ana haki kabisa.

Lakini kwa Mugo tunapita haraka mno. Kwenye karatasi za mtihani huandikwa "Mugo ni msaliti", alama moja, twende swali la pili. Kuna jambo moja ambalo kila nikirudi kwenye kitabu hunisimamisha palepale: hakuna aliyekuwa akimshuku. Hata mmoja. Jenerali R. na Koinandu, wenzake Kihika wa msituni, walikuwa wameshaamua kwamba msaliti ni Karanja. Na kwa nini asiwe Karanja? Alikuwa askari wa ulinzi upande wa serikali ya kikoloni, na alizaa na Mumbi wakati mume wa Mumbi, Gikonyo, yuko kizuizini. Kijiji kizima kilikuwa na sababu ya kumchukia. Mpango ulikuwa msaliti aitwe siku ileile ya sherehe, mbele ya umati, na macho yote yalijua yatamgeukia nani.

Sasa piga hesabu kama angeipiga mwoga. Ya Mugo ilikuwa kunyamaza dakika chache tu. Angeheshimiwa hadi kaburini, na Karanja angekufa kifo ambacho hakuna ambaye angekililia. Ngũgĩ mwenyewe hafichi kwamba wazo hilo lilimpitia Mugo kichwani. Akasimama hata hivyo, akaenda mbele, akasema ni mimi. Hakuna aliyemwuliza ulisema, hukusema. Alijisuta mwenyewe, kijiji kizima kikiwa mlangoni.

Je, alijisikia mwepesi? Ndiyo, na hili rafiki yangu analishika kwa mikono miwili. Lakini wepesi ule haukudumu. Hofu ilimrudia kabla umati haujatawanyika, na Jenerali R. na Koinandu wakaja kumchukua. Ukitafuta unafuu katika kitabu hiki, huo ndio wote.

Wala Ngũgĩ si mwandishi wa kudanganyika na neno "kukiri". Katika kambi za Hali ya Hatari, ambamo Waingereza waliwafungia walioshukiwa kuwa Mau Mau, kukiri kiapo cha Mau Mau kulikuwa tiketi ya kurudi nyumbani. Gikonyo aliinunua kwa sababu alimtamani Mumbi, na mlio wa nyayo zake siku ile ukamwandama miaka. Mugo, ambaye hakula kiapo, hakuwa na cha kukiri. Akakaa kimya, akapigwa, na kimya hicho kikamfanya shujaa. Kambi ya Rira katika riwaya, ambako wafungwa kumi na mmoja wanauawa kwa kipigo, inamkumbusha kila msomaji kambi halisi ya Hola nchini Kenya, 3 Machi 1959, ambako walikufa 11 vilevile. Mwandishi aliyejaza kitabu kukiri kwa kulazimishwa namna hiyo anajua anachofanya anapomwacha mtu mmoja akiri bila kulazimishwa.

Kinachowatenganisha Mugo na Kinjeketile, kwa maoni yangu, ni anayeungamiwa. Masheikh wetu hufundisha kwamba dhambi ya mja kwa Mola wake huondolewa na toba, lakini haki ya mja mwenzako haiondoki mpaka umrudishie au akusamehe. Kinjeketile alitakiwa kukiri kwa Mjerumani, na Mjerumani hakuwa na haki yoyote anayomdai. Mugo alikiri kwa wenye damu yao. Deni la Kinjeketile kwa wajane wa watu wake linabaki, na Hussein hajalifuta. Ila ofisa wa Kijerumani hakuwa wa kulipokea.

Na huyo Kihika aliyepewa kurasa chache, ana dada, Mumbi. Mugo alimwambia yeye kwanza, kibandani mwake, kabla ya mkutano. Msomaji anayelilia haki ya aliyeuawa anapaswa kutazama mwenye haki huyo alifanya nini. Hakwenda kumtaja Mugo. Alimpelekea Karanja kikaratasi, asije mkutanoni. Hakutaka damu nyingine imwagike kwa jina la kaka yake. Sijui ni mashujaa wangapi wa fasihi yetu wangefikia hapo, na Mumbi hapewi hata jukwaa la kuhutubia.

Kijijini furaha haikuja. Sherehe iliisha watu wakiondoka kimya kimya, na siku zilizofuata Wambui, mama mzee aliyeshiriki kumhukumu Mugo, alikuwa hana tena uhakika kama walitenda sawa. Kilichobadilika kilibadilika hospitalini, ambako Gikonyo amelazwa, mkono umevunjika. Kwa miezi mingi alikuwa hazungumzi na mkewe juu ya mtoto wa Karanja, hataki hata kumwona. Baada ya kusikia alichofanya Mugo, yeye ndiye anayeanza kumwuliza Mumbi habari za mtoto, na anataka wazungumze. Mumbi hamrukii shingoni. Anamwambia yaliyopita kati yao hayamalizwi kwa sentensi moja, itabidi wakae, wafunguliane mioyo. Kisha anaaga, mtoto anaumwa. Gikonyo anabaki kitandani akiwaza kigoda anachotaka kumchongea, na namna atakavyobadilisha umbo la mwanamke kwenye kigoda hicho: atamchonga mjamzito.