Timu ya taifa ya raga: tuwaite wa Birmingham au tuwatafute wa Chikongola?

Julai 2025 Zimbabwe iliichapa Namibia 30–28 jijini Kampala, ikabeba Kombe la Afrika la raga na kukata tiketi ya Kombe la Dunia la 2027 kule Australia. Mara ya mwisho kushiriki Kombe la Dunia ilikuwa 1991. Kikosi cha kocha Piet Benade kilichanganya vijana wa vilabu vya nyumbani na Wazimbabwe waliokulia raga ya nje, na mchanganyiko huo ndio uliowasha ubishi miongoni mwa sisi wachache tunaoufuatilia mchezo huu hapa Mtwara. Je, Tanzania nayo iwaite watoto wake walio ughaibuni, au jezi ibaki kwa waliopo nyumbani, kama hawa wa Chikongola, mtaa wa hapa mjini?

Nafundisha vijana raga, kwa hiyo nina upande wangu na nitausema. Lakini hoja za pande zote mbili ni nzito kuliko zinavyorushwa kijiweni, na zinastahili kupimwa.

Tuanze na kanuni, maana wengi wanabishana bila kuijua. Kwenye soka huwezi kuvaa jezi ya Taifa Stars bila kuwa raia wa Tanzania, na sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha. Raga ya wachezaji 15 haiulizi pasipoti. World Rugby, chombo kinachosimamia mchezo huu duniani, kinauliza ulizaliwa wapi, mzazi wako au babu na bibi yako walizaliwa wapi, au umeishi nchini muda gani. Muda huo sasa ni miezi 60 mfululizo. Zamani ilikuwa 36. Maana yake kijana wa Birmingham ambaye bibi yake alizaliwa Newala anaweza kuichezea Tanzania na pasipoti yake ya Uingereza ikabaki mfukoni. Tangu 2022, hata aliyekwisha kuichezea nchi nyingine anaweza kuhamia nchi aliyozaliwa yeye, mzazi au bibi yake, mradi awe amekaa miaka 3 bila mechi ya kimataifa, na ruhusa hiyo hupewa mara moja tu maishani. Inayodai uraia ni raga ya Olimpiki, ile ya wachezaji 7. Mlango ambao soka imetufungia, raga imeuacha wazi. Anayesema kuwaita vijana hao ni ujanja ujanja anawakosea.

Sasa hoja yenyewe. Wanaotaka diaspora wanaanza na usalama, na hapo siwezi kuwabishia. Raga ni mchezo wa kugongana mwili kwa mwili. Kwenye skramu, watu 8 wanasukumana na 8, na uzito wote unapita kwenye shingo na mabega ya watatu wa mbele: propu wawili na huka katikati yao. Sheria za mchezo zinalitambua hilo kiasi kwamba kikosi cha watu 23 cha siku ya mechi lazima kiwe na angalau 6 waliofunzwa kucheza mstari wa mbele. Ukimchukua kijana mwenye nguvu lakini asiye na mafunzo, ukamsimamisha mbele ya propu wa Namibia aliyekulia kwenye skramu tangu shule ya msingi, umemweka hatarini kwa makusudi. Mzazi wake atakuuliza, na hutakuwa na jibu.

Kuna na suala la ujuzi usiopatikana ukubwani. Flai hafu, yule anayepokea mpira baada ya skramu na kuamua kwa kupepesa jicho kama timu ipige, ipasie au ipenye, hutengenezwa kuanzia utotoni. Mpira wa raga ukidunda hujui utaelekea wapi. Kuupiga ukapita juu ya mwamba, katikati ya nguzo mbili, toka mita 40 huku upepo unavuma, ni kazi ya miaka. Sisi tuna watoto waliokua na mpira wa miguu, wenye miguu mizuri sana, lakini wakishika huu wa umbo la yai wanaanza upya.

Wenzetu wa upande wa pili wanajibu kwa CHAN. Wanasema Agosti 2025, kwenye mashindano yale ya wachezaji wa ligi za ndani, Stars ilifika robo fainali na uwanja wa Mkapa ukafurika kwa ajili ya vijana tunaowaona kila wiki. Ikatolewa na Morocco kwa bao moja tu. Kwamba wananchi huipenda timu wanayoijua. Ni kweli, na nilifurahi kama wao. Ila hoja hiyo haihamii kwenye raga. CHAN inawafunga wote kwa kamba ileile: Morocco nayo ilikuja na wa ligi yake. Raga ya Afrika haina shindano la aina hiyo. Algeria ikija, inakuja na kikosi ambacho wengi wake wanacheza Ufaransa. Namibia inakuja na waliopita ligi za Afrika Kusini na Ulaya. Ukisema wewe utatumia wa nyumbani pekee, umejifunga kamba peke yako.

Lakini Namibia hiyohiyo inafaa kutazamwa kwa makini. Ilishiriki Kombe la Dunia mara 7 mfululizo, kuanzia 1999 hadi 2023, na haijawahi kushinda hata mechi moja. Kufika si sawa na kujenga. Nchi inaweza kukusanya wachezaji wazuri kwa ajili ya shindano moja, wakarudi walikotoka, na uwanja wa nyumbani ukabaki na nyasi zilezile. Hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko kushindwa kwenyewe. Kijana wa Chikongola akiona jezi zote 23 zinashuka na ndege wiki ya mechi, ataacha mazoezi, na sitakuwa na la kumwambia.

Hoja yenye nguvu kuliko zote kwa upande wa nyumbani, kwa maoni yangu, ni Makazole Mapimpi. Fainali ya 2019 pale Yokohama, Afrika Kusini iliifunga Uingereza 32–12, na Mapimpi akawa mchezaji wa kwanza wa nchi hiyo kufunga trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani, kwenye fainali ya Kombe la Dunia. Fainali za 1995 na 2007 walizishinda kwa mikwaju pekee. Huyu hakupita kwenye zile shule maarufu zinazozalisha wachezaji wa taifa. Alitoka Tsholomnqa, kijijini, Rasi ya Mashariki, akacheza timu ndogo ya Border, akaingia ligi ya Super Rugby 2017 na Southern Kings, na jezi ya taifa aliivaa 2018 akiwa na miaka 27. Mfananishe na nahodha wake, Siya Kolisi, mtoto wa mtaa wa Zwide, aliyeonekana akiwa mdogo na kupewa ufadhili kwenye shule yenye jina. Wote wawili walitoka kwenye umaskini. Mmoja jicho la mteuzi lilimfikia mapema, mwingine lilichelewa miaka mingi, na hiyo ni nchi yenye waangalizi kila kona.

Kwetu jicho hilo halifiki Kusini kabisa. Raga ya Tanzania ina makazi Dar es Salaam, Arusha na Moshi. Toka Mtwara mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 550, na Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara maeneo ya Somanga, watu wa Lindi na Mtwara tulikaa bila njia. Mwambie kijana wa Masasi aende kwenye majaribio Arusha kwa nauli yake, halafu useme hukuona kipaji Kusini. Nauli ya ndege ya mchezaji mmoja kwenda na kurudi London inakaribia kuleta kikosi kizima cha vijana kwa basi mpaka Dar na kuwarudisha. Sisemi asiletwe huyo wa London. Nasema hesabu hiyo iwe mezani wakati wa kuamua.

Jambo ambalo vijiwe vyetu vinalisahau ni kwamba uteuzi wa raga hauanzi na jina, unaanza na nafasi. Aliyeonyesha hivyo vizuri kuliko wote ni Afrika Kusini kwenye Kombe la Dunia la 2023. Huka wao bora, Malcolm Marx, aliumia goti mashindano yakiwa yameanza. Kila mtu alitegemea aitwe huka mwingine. Wakamwita Handré Pollard, flai hafu, kwa sababu shida yao kubwa wakati huo ilikuwa mikwaju ya penalti: Manie Libbok alikuwa anacheza vizuri lakini mipira inapita kando ya nguzo. Ubishi ulikuwa mkali. Nusu fainali dhidi ya Uingereza, Pollard akapiga penalti ya dakika za mwisho, wakashinda 16–15. Fainali dhidi ya New Zealand wakashinda 12–11, na pointi zote 12 zilitoka mguuni kwake.

Wengi wanaishia hapo wanaposimulia. Mimi naomba tuangalie upande wa pili wa shilingi. Dakika za mwanzo kabisa za fainali ile, Bongi Mbonambi, huka pekee halisi aliyebaki, aliumia akatoka. Akaingia Deon Fourie, mwenye miaka 37, aliyekuwa akicheza zaidi kama flanka, yule wa ubavuni mwa skramu, akashika nafasi ya huka karibu mchezo mzima. Mipira ya kurusha toka pembeni ikawa shida. Na benchi lao lilikuwa na beki mmoja tu, wengine 7 ni wa mbele. Angeumia beki wa pili, sijui tungekuwa tunasimulia nini leo. Walilipa gharama ya uamuzi wao hadharani, dakika kwa dakika, na walikuwa wameikubali tangu siku walipoacha kumwita huka. Mteuzi wetu naye angetakiwa aseme hivyo mapema: namwita fulani toka nje kwa nafasi hii, kwa sababu hii, na nakubali kupungukiwa pale.

Ukipima nafasi kwa nafasi, ubishi wa nyumbani na nje unaanza kujitatua. Mstari wa mbele hautaki mtu aliyeanza utotoni lazima. Tendai Mtawarira, aliyezaliwa Harare na kuichezea Afrika Kusini mechi 117, alikuwa mchezaji wa safu ya nyuma ya skramu kabla ya kugeuzwa propu ukubwani, na fainali ya 2019 skramu yake iliisambaratisha Uingereza. (Mwaka 2010 uraia wake ulizusha mjadala mkubwa Afrika Kusini, Zimbabwe ilikuwa imeshampoteza.) Miili ya namna hiyo ipo hapa. Nenda maghala ya korosho msimu ukiwa umechanganya, uwaone makuli wanavyopokea gunia: magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka, pumzi imezuiwa mpaka mzigo utulie begani. Nikiwapanga kwenye mchanga wa ufukwe wa Shangani hapa Mtwara maji yakiwa yametoka, kosa lao la kwanza huwa lilelile, wanainamisha kichwa kutazama miguu, na hapo ndipo shingo huvunjika. Nawaambia kidevu juu, macho mbele, shika kaptula ya mwenzako maana fulana itachanika. Mwili upo tayari. Kinachokosekana ni mwalimu wa skramu anayeijua kwa undani, na mechi.

Kuhusu wageni wanaoishi nchini waliotimiza miezi 60, sina ugomvi nao. Wanacheza ligi yetu, wanafundisha vijana wetu, wanalipa nauli zao. Wapimwe kama wengine.

Nikikaa mimi kwenye kiti cha mteuzi, flai hafu na mpigaji wa akiba ningewatafuta nje bila kuona haya, nikaongeza propu mmoja mwenye umri, ambaye atakubali kuja mapema na kukaa kambini awafundishe wengine. Anayetaka kutua Ijumaa acheze Jumamosi, abaki huko. Skramu na mipira ya kurusha ni mambo ya ishara na mazoea, na timu isiyokaa pamoja itavunjika hapo hapo hata ikiwa na majina makubwa. Nafasi zilizobaki ni za ligi ya nyumbani, na ligi hiyo ifike Kusini. Majaribio yafanyike Mtwara, uwanja wa Nangwanda Sijaona, na yafanyike kabla ya Oktoba. Minada ya korosho ikishafunguliwa, propu ninaowataka watakuwa maghalani mpaka usiku, na hakuna atakayeacha kibarua kwa ajili ya mpira ambao haujamlipa hata nauli.